Mkunga Aliyenyimwa Ruhusa

Mke wangu ni mkunga mstaafu, na ugonjwa wake mkubwa ni usafi. Miaka yote aliyofanya kazi wodini alisugua meza, vitanda, hata vitasa vya milango. Kitindamimba wetu, binti aliyeolewa mbali, alipotununulia kompyuta ili tuwe tunaonana, mama mtu aliigeukia mashine kwa moyo uleule. Siku moja akakuta ndani yake mafaili yenye majina asiyoyaelewa. Kwake yeye, kitu kisichojulikana kazi yake ni uchafu. Akayafuta yote. Kompyuta ikazima, isiwake tena.

Binti alipokuja likizo aliitengeneza huku akisonya, kisha akajiweka kuwa msimamizi pekee wa mashine. Sisi tukabaki watumiaji wa kawaida: kufungua tunaweza, kubadili chochote hatuwezi.

"Mama, nakupenda, ila mikono yako siiamini," alisema.

Mke wangu alicheka. Mimi ninayemjua niliona limemchoma.

Mwaka huu binti akapata mimba yake ya kwanza. Goti la mama ni bovu, safari ndefu haiwezi, kwa hiyo waliahidiana kwamba siku ya uchungu atakuwa naye kwenye skrini mwanzo hadi mwisho.

Siku ikafika, Jumamosi mchana. Mkwe wetu akapiga simu: "Mama, uchungu umeanza, tuko hospitali." Mke wangu akachechemea hadi kwenye kompyuta, akabofya programu ya kuonana. Ikagoma. Ikasema imepitwa na wakati, mpaka isasishwe. Akabofya kusasisha. Ikajibu kwamba hana ruhusa, amwite msimamizi.

"Nimezalisha nusu ya mji huu," akaiambia, "leo wewe unaniambia sina ruhusa?"

Nikashauri tuizime na kuiwasha. Tukafanya hivyo, jibu likawa lilelile. Nikashauri tuiondoe programu tuiweke upya. Akanitazama kwa jicho ninalolijua. Kuiweka upya nako kungedai ruhusa ileile. Fundi wa kompyuta wa mtaani alikuwa amefunga, na simu zetu ni vitochi, hazionyeshi sura ya mtu. Nilikasirika, sifichi. Mtoto kafunga mlango wa nyumba ya wazazi wake, kaondoka na ufunguo!

"Mpigie," nikasema.

"Mtu yuko kwenye uchungu, nimsumbue na kompyuta?"

"Basi utamwona wiki ijayo."

Akapiga. Mkwe akamwekea binti simu sikioni. Tulisikia pumzi zake zikikatika.

"Mama, uko wapi? Mbona sikuoni?"

"Mashine inataka neno lako la siri, mwanangu. Ngoja, usiseme kitu, huo unakuja. Vuta pumzi taratibu... toa... haya, umepita. Sasa niambie."

Binti akalitaja kwa sauti ya chini. "Herufi ndogo tupu, bila nafasi: usiguse mama."

Nilitaka kucheka, nikaona mke wangu hacheki, nikaacha. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Mara ya kwanza akakosea. Mara ya pili ikakubali, mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Hakuungoja umalize. Alinyanyuka akatoka, nikadhani amesusa. Kisha nikasikia maji bafuni.

Aliporudi, uso wa binti ulikuwa umeshajaa kwenye skrini, jasho tupu. Sasa, mke wangu hajawahi kumgusa mjamzito bila kumwomba kwanza. Wodini wenzake walimtania sana kwa hilo. Akaketi, akainama karibu.

"Mwanangu, unaniruhusu?"

Binti akaangua kilio. "Nisamehe, Mama. Njoo."

Mjukuu wetu, wa kike, alizaliwa jua halijazama. Muda wote huo bibi yake alikaa mbele ya kile kioo na mikono ameiinua, haigusi chochote, imeoshwa mpaka viwikoni.