Dobi Aliyeogopa Kusengenya Kitabuni

Saa tisa alasiri, nyuma ya kanisa moja la Kisauni, Mwalimu Rosalia Musyoka anaandika ubaoni: "Mgeni aliketi ukingoni mwa kiti. Viatu vyake vilijaa vumbi jeupe hadi kwenye kamba. Alipopewa chai, aliinywa bila kuipuliza."

"Ametoka wapi, na ana hali gani?"

Darasa la ngumbaru, watu wazima kumi na wanne, linakodolea ubao macho. Kisha Kafedha Thoya, dobi wa miaka arobaini na minane, anasimama.

"Mwalimu, kitabu hakikusema."

Kwa jibu hilo Kafedha ameanguka mtihani wa ufahamu mara mbili. Hoteli ya Bamburi anakofua mashuka kwa kibarua imemwahidi ajira ya kudumu akileta cheti mwezi ujao. Asipokileta, nafasi inakwenda kwa mwingine.

"Nilidhani hajui kusoma," asema Mwalimu Rosalia, aliyehamia hapa kutoka Kitui. "Kumbe anawashinda wote. Ila kwake, kumnenea mtu jambo ambalo halikutajwa ni kusengenya."

Kafedha hakatai. "Mama alitulea hivyo."

Wanaodhani ngumbaru ni pa kujifunzia a, e, i, o, u tu, na waje hapa. Kanisa humlipa mwalimu huyu shilingi elfu saba kwa mwezi, na chaki hununua mwenyewe. Leo ametoa mkobani shati chafu la mumewe.

"Hebu, mama, nisomee hili."

Kafedha analigeuza mara moja tu. "Huyu ni fundi wa magari, mafuta haya si ya kupikia. Hubebea mizigo bega la kulia, hapa pamelika. Na jana kala samaki mbiombio, akajipangusa kwa mkono wa shati."

"Mwalimu, mfiche mumeo," asema Kadenge, mwashi, na darasa linaangua kicheko.

"Nani kakwambia hayo?" mwalimu anamuuliza Kafedha.

"Shati."

"Umelisengenya?"

Kafedha anafikiri. "La. Nimeonyesha doa."

"Basi na ubaoni nionyeshe doa."

Anakwenda, anaweka kidole kwenye vumbi. "Katoka machimboni, kwa miguu." Kidole kinashuka kwenye chai. "Ana njaa." Kinarudi juu kwenye kiti. "Na nyumba hii hajaizoea."

Makofi yanalipuka.

Mtihani ni Alhamisi ijayo. "Akishapata cheti," asema Mwalimu Rosalia, macho yakimng'aa, "nataka Jumamosi anisaidie kufundisha wanaoanza."

Kafedha hasikilizi. Ameshashika kifutio.

"Huyu tumemmaliza, mwalimu. Lete mwingine."