Chumba cha Bure Karibu na Tangi

Mama ana vyumba vya kupangisha mtaani Kondele, mstari mmoja wa mabati, na kile cha karibu na tangi la maji hakilipiwi. Ndiyo sadaka yake. Anampa mtu aliyekwama akae mwaka mmoja, kisha anatoka, anaingia mwingine. Vingine vinalipa mkopo wa benki, na hapo Mama hana mchezo. Shemasi wetu aliwahi kuomba apunguziwe kodi kwa jina la Yesu, akajibiwa kwamba Yesu hakutia sahihi kwenye mkopo.

Muhula uliopita, Jumamosi moja, mwaka wa mzee fundi wa viatu aliyekaa humo uliisha. Mzee hakuhama. Alikaa mlangoni akishona kiatu ambacho nina hakika kilikuwa kimeshapona. Getini palikuwa na mkokoteni wa kukodi wenye godoro na sufuria, mwenyewe ameushika, na kando yake msichana aliyenizidi umri kidogo tu, ametoka Sondu, mtoto anakohoa mgongoni. Chumba alikuwa ameshaahidiwa. Upande wa ziwa mawingu yalikuwa meusi tititi.

"Mzee, si tulikubaliana?" Mama alimuuliza.

"Tulikubaliana, Mama. Lakini leo nitalala wapi? Kule nyumbani paa lilishaanguka."

"Mama, wapange zamu," nikadakia. "Mzee alale mchana, mtoto alie usiku."

Hakuna aliyecheka. Mwenye mkokoteni aliuliza tu kama tunajua mvua inakuja.

Mama akageuka, akanitazama. Hapo nikatamani ningekuwa bubu. Chumba cha kwanza kwenye mstari ule kilikuwa changu. Nilipewa nilipoanza kuota ndevu, maana kwetu Wajaluo kijana mkubwa halali nyumba moja na mama yake. Kilikuwa na spika yangu na kufuli langu, na hakuna aliyeingia bila kubisha. Nikaanza kusoma ardhi kama kuna mtihani wake Jumatatu.

"Mzee, kazi yako inakupa nini siku hizi?" Mama akauliza.

"Unga na visamaki vya omena. Nikijikaza, nusu ya kodi."

"Nusu siwezi kuichukua kwa chumba cha benki." Mama akatazama mlango wangu. Mtoto akakohoa tena. "Ila kuna kimoja hakijawahi kunilipa hata shilingi. Wewe, leta ufunguo."

"Mama! Mimi si mtoto wako?"

"Ndiyo maana sikudai kodi ya nyuma."

Mwenye mkokoteni sasa ndiye aliyecheka, mpaka akashika tumbo. Mzee hakucheka. Alichomeka sindano kwenye soli, akaweka kiatu chini.

"Nisikilize vizuri, Mzee," Mama akasema. "Kuanzia leo wewe si wa sadaka. Ni mpangaji. Ukikosa hiyo nusu, utatoka kama mpangaji mwingine yeyote, na nisione machozi."

"Sawa, Mama. Nitalipa."

Matone ya kwanza yakapiga mabati. Tukakimbiza godoro la msichana ndani kabla halijalowa, kisha nikabeba spika yangu na blanketi hadi kwenye kochi la Mama, nikilalamika kwa sauti ya kumfikia kila mpangaji. Niliporudi kuchukua viatu, nilimkuta mzee anahangaika na mlango.

"Kijana, huu unafungwaje?"

Nikamwonyesha: unauinua kidogo, halafu unausukuma kwa goti. Akajaribu mara mbili ukagoma. Mara ya tatu nikasikia komeo likiingia, mimi nikiwa nje, mvua kichwani.