Mfumaji wa Kisondela anayesikia kwa macho

Saa mbili asubuhi ukungu bado umekalia mashamba ya Kisondela, wilayani Rungwe, na Nsajigwa Mwasambili anachuma chai kwa kupapasa. Kidole kinatangulia kupima ulaini wa chipukizi, ndipo kucha inakata. Lakini vidole havijui kila kitu. Majani magumu nayo yanaingia kapuni.

Kwenye kituo cha kununulia chai, karani Lwitiko analipindua kapu juu ya turubai na kuguna.

“Mzee, hii ni chai au umetuletea chakula cha mbuzi?”

Wakulima wanacheka. Nsajigwa naye anacheka, kwa sababu ameona meno ya watu. Hajasikia hata neno. Anamgeukia mkewe, Sekela, naye anamrudia maneno ya karani kwa midomo tu, bila sauti. Cheko linamkauka. Anapiga magoti na kuanza kuchambua jani moja moja, akilisogeza mpaka puani. Zaidi ya nusu inatupwa.

Masikio yake aliyaacha Dar es Salaam, katika kiwanda cha nguo alichoingia akiwa kijana na kutoka siku kilipofungwa. Ndani ya ukumbi wa kufumia, mamia ya mitambo iligonga kwa pamoja mchana na usiku.

“Ungeweza kumtukana msimamizi usoni asisikie,” anasema Nsajigwa, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. “Tatizo ni kwamba angeona.”

Wafumaji waliongea kwa midomo na mikono. Ukivimbisha mashavu, msimamizi anakuja. Ukisugua tumbo, uji umefika. Mzaramo, Mmakonde na Mnyakyusa walielewana hivyo, na zamu ikiisha waliendelea hivyo hivyo kwenye foleni ya maji na kwenye vibaraza vya nyumba walizopanga. Majirani waliwaona kama vichaa.

Humo kiwandani ndimo Nsajigwa alimotongozea. Sekela alikuwa mfumaji, ng’ambo ya mtambo wake. Nsajigwa akasahau jambo moja: mstari mzima ulikuwa unasoma midomo.

“Nikamwambia nataka nikuoe. Akanijibu, wewe huna hata godoro. Mwe! Watu waliacha mitambo wakashika mbavu. Tamimu, rafiki yangu wa Kisarawe, kila nikipita analaza shavu kwenye kiganja. Siku ya harusi akaja na godoro kichwani.”

“Lenyewe la sufi, limejaa kunguni,” Sekela anadakia, uso ukiwa umemwelekea mumewe ili naye apate.

Waliporudi Rungwe masikio yalimalizika kuziba. Hakuhangaika sana. Mkewe alikuwepo, na midomo ya mkewe ilitosha.

Sasa ni macho. Ni presha ya macho, na kilichokwisha potea hakirudi. Imekula pembeni, inakuja katikati. Nsajigwa anauona uso wa Sekela kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Jua likizama, maongezi yanakwisha. Wanakula wakiwa kimya na kulala.

Ndiyo maana Sekela, aliyejulikana kwa ukimya, siku hizi anaongea kutwa.

“Nimemwambia aongee, hata umbea, hata uongo,” anasema Nsajigwa. “Nataka nishibe.”

Wamewahi kujaribu njia nyingine, mume akiweka vidole kwenye midomo ya mke.

“Nilimwambia uji umeiva, akaenda kufunga mlango,” anasimulia Sekela. “Tulicheka. Halafu yeye akalia. Hatujarudia tena.”

Nsajigwa anaonyesha miche ya parachichi aliyoipanda mvua zilizopita, pembeni mwa chai.

“Daktari alisema nina miaka mitano ya kuona. Hii inazaa mwaka wa tatu au wa nne. Tunda la kwanza nitaliona mkononi mwa mke wangu, mama Tulia, na bei ataniambia yeye mwenyewe.”

Sekela anainama kufunga kamba ya kapu, uso ukiwa umeelekea kilimani, mbali na mumewe.

“Daktari alivaa barakoa siku ile,” anasema. “Mimi ndiye niliyemtafsiria. Alisema hadhani kama Krismasi itamkuta anaona. Hiyo miaka mitano niliitoa mimi.”

Anaulizwa kama hilo liandikwe gazetini.

“Andika. Herufi za gazeti zilishamshinda. Atakayemsomea ni mimi.”

“Mnasema nini huko?” Nsajigwa anapaza sauti.

Sekela anageuka na kuuweka uso kwenye mwanga. Midomo inatamka polepole.

“Namwambia una tamaa, baba Tulia. Parachichi hazijatoa hata ua, umeshaziuza.”

Nsajigwa anacheka mpaka anakohoa. Kisha anachukua jembe na kwenda kupalilia mche wa kwanza, akiukinga kwa mkono wa kushoto asije akaukata.