Neno la Siri la Marehemu

Juzi nikiwa saiba, duka la intaneti, huku mtaani Bofu, mjane mmoja aliweka kompyuta ya mkononi ya marehemu mumewe mbele ya jamaa wa makamo anayeandika, bila malipo, maelekezo ya programu ya kuhifadhi nakala za mafaili. Programu hiyo, picha ikirudiwa mara kumi, huiweka mara moja tu. Picha zote za familia zilikuwa humo, zimefungwa kwa neno la siri ambalo mume hakumwachia yeyote.

Jamaa akamwonyesha kwa kidole sentensi iliyo katikati ya maelekezo: "Ukipoteza neno la siri, hakuna awezaye kukufungulia."

"Basi mpigie simu aliyeandika haya, mwanangu."

"Ni mimi, mama."

Mama akaifunga kompyuta ndani ya leso, akatoka. Jamaa akaipandisha sentensi ile juu kabisa ya ukurasa. Anajisumbua bure. Maelekezo sisi huyasoma kama wasia: baada ya maziko.