Kondo Halichomwi

Nimefukuzwa kazi mara moja tu katika maisha yangu, na mpaka leo sijajuta. Watu wa Wete walisema nimekosa adabu. Waache waseme. Adabu nilifunzwa na mama yangu, na siku ile ndiyo niliyokuwa nikiitumia.

Kazi yenyewe ilikuwa katika nyumba ya wazazi, ya kujifungulia wanawake, ile iliyojengwa pembeni ya mji, vita vikubwa vilipokwisha, kwa fedha zilizotoka Ulaya. Tuliambiwa kwamba wakubwa wa huko sasa wanataka afya zetu ziwe nzuri. Siku ya kuifungua zilitolewa hotuba, na neno "zawadi" likarudiwa mara nyingi hata nikaanza kulichukia. Lakini nisiseme uongo, nyumba ilikuwa nzuri. Ilikuwa na vitanda sita vya chuma, mashuka meupe, kabati la dawa lenye kioo na bomba la maji uani. Nyuma kabisa walijenga tanuri la matofali la kuchomea taka. Yote hayo waliyapanga bila kumuuliza hata mwanamke mmoja wa Pemba anazaaje.

Mimi niliajiriwa kufua, kupiga deki na kufasiri. Kiingereza nilikiokota nilipokuwa yaya nyumbani kwa ofisa mmoja. Mkuu wetu alikuwa nesi wa Kizungu, mwanamke mrefu, mkali, hodari wa kazi yake, tukimwita memsahibu. Mambo ya uzazi niliyajua kuliko alivyodhani, kwa sababu mama yangu alikuwa mkunga kwetu Gando, na watoto wengi wa kule walipokewa na mikono yake.

Mwanamke wa kwanza kujifungua pale alizaa salama. Mchana mamamkwe wake akaja na chungu kipya na kipande cha bafta nyeupe alichokinunua kwa Muhindi, akaomba apewe kondo la nyuma. Kwetu sisi kondo ni mwenziwe mtoto. Huoshwa, hutiwa chumvi, huviringwa kwa kitambaa safi na huzikwa nyumbani. Memsahibu akaniambia nimjibu kwamba limeshachomwa tanurini pamoja na pamba chafu. Nikafasiri, na ulimi ukiniwasha. Yule bibi alikaa chini sakafuni akaangua kilio cha msiba, mpaka wapita njia wakasimama kuuliza nani kafa.

Tangu siku hiyo vitanda vikabaki vitupu. Kila wiki nilikuwa nikifua mashuka ambayo hakuna aliyeyalalia. Memsahibu aliandika Ulaya kwamba wanawake wa Pemba ni waoga na wameshikwa na ushirikina. Aliniambia mwenyewe, kwa upole, kama anayenipa pole. Mara tatu nilimweleza habari ya kondo. Mara ya tatu akasema kanuni za usafi zimewekwa na waliotoa fedha, na mazungumzo yamekwisha.

Basi ikafika zamu ya mdogo wangu. Katika uzazi wake wa kwanza alivuja damu hata tukamkatia tamaa, na mtoto hakuishi. Mimba ya pili ilipokuwa nzito, mama, ambaye hakuwahi kumpeleka mzazi kwa mtu mwingine, akasema, "Huyu ende kwenye nyumba ya Wazungu. Mikono yangu ishafika mwisho wake."

"Sendi," mdogo wangu akajibu. "Mwenziwe mwanangu akachomwe kama taka? Bora n'fe hapa hapa."

"Hufi, wala halichomwi," nikamwambia. "Miye ndiye nnaekwambia."

Akaanza kufunga nguo zake.

Tulimleta kwa gari la ng'ombe. Alizaa mtoto wa kiume alasiri, na damu ikaanza kumwagika kama ile mara ya kwanza. Mimi niliogopa. Memsahibu hakuogopa. Alichukua sindano kabatini, akamchoma, akamkanda tumbo kwa nguvu zake zote, na damu ikapungua, ikakatika. Dawa ile ililetwa na fedha zile. Nilishukuru siku hiyo na nashukuru hadi leo, wala sitaki mtu anifunze kushukuru.

Kisha akanipa karai lenye kondo na kunionesha tanuri kwa kidole.

Nikatoka nje, nikalipita tanuri, nikaenda bombani. Nikaliosha wazi wazi, mbele ya kila aliyetaka kuona. Mama alikuwa akingoja kando ya ua na chungu chake, nikampa. Nilipogeuka, memsahibu alikuwa amesimama mlangoni, uso umemwiva.

"Nyumba hii imejengwa kwa fedha za watu wetu," akasema. "Hapa pana kanuni."

"Nyumba ni yenu," nikamjibu kwa Kiingereza chake. "Kitanda ni chenu, sindano ni yenu, ahsanteni. Hili limetoka tumboni mwa ndugu yangu."

Akaniambia nivue aproni. Nikaivua, nikaikunja vizuri, nikaiweka juu ya karai. Mdogo wangu alibaki siku tatu kitandani, na nakiri kwamba memsahibu alimtunza bila kinyongo. Mimi nilirudi Gando kulima muhogo.

Wiki mbili baadaye tukasikia kwamba daktari mkubwa anakuja kutoka Ulaya kuangalia fedha zao zimefanya nini. Mama alivaa buibui lake akapita nyumba kwa nyumba kwa wenye mimba. Siku ya mgeni, asubuhi, wanawake saba walikuwa wamekaa nje ya lango la nyumba ya wazazi, kila mmoja na mama yake au mamamkwe wake, kila mmoja na chungu mapajani. Hakuna aliyeingia. Ndani mgeni alikuwa akioneshwa vitanda sita vitupu. Hapakuwa na mwingine wa kufasiri, kwa hiyo memsahibu akamtuma askari aniite. Sikuwa mbali, nilikuja na mama.

"Wanataka nini?" mgeni, mzee wa Kizungu, akaniuliza alipotoka uani.

"Wanataka kuingia," nikasema. "Na wanataka kutoka na kilicho chao." Nikamweleza yote.

Akamuuliza memsahibu kama jamaa wakilichukua kondo pana madhara yoyote. Memsahibu akatazama chini. Akasema madhara hapana, ila haijawahi kufanywa hivyo. Mgeni akakuna kidevu. Akaniuliza atajuaje kwamba wakikubaliwa hilo hawatatafuta sababu nyingine ya kubaki majumbani.

Hapo wanawake wakapisha njia, na mdogo wangu akaja mpaka langoni, ana mtoto kifuani, ananukia liwa wanayopakwa wazazi, uso bado umepauka. Sikumtarajia. Kwetu mzazi hatoki nje mpaka arobaini yake iishe, na yeye alikuwa hajafika hata nusu.

"Mwambie sindano yao imeniponya," akasema. "Na kila alokaa hapa nshamwambia aje. Lakini wakichoma, n'tawambia wasije, na wakifa majumbani damu yao haiko kwangu."

Nikafasiri neno kwa neno, sikulainisha chochote. Mgeni akamgeukia memsahibu, wakasemezana kidogo, kisha memsahibu akaenda mwenyewe kulifungua lango. Wanawake wakaingia na vyungu vyao. Kazi hakunirudishia, nami sikuiomba.

Mgeni alikuwa amesoma kidogo habari zetu melini. Kabla hajaondoka akaniambia nimuulize mdogo wangu, yeye anayepigania mila hivi, haogopi kuivunja mila ya arobaini?

Mdogo wangu akamvuta mtoto karibu zaidi.

"Mwambie hiyo nimeivunja mwenyewe," akasema. "Ile nyengine alitaka kunivunjia memsahibu."