Nilisema Amani Yuko Sawa

Jumamosi ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyobebwa mabegani kwa kupiga teke la ushindi, na hadi leo naionea aibu. Hapa kanisani mmezoea kuniita mzee na bado sijafika arobaini. Basi leo nitasema kama mzee, kwa kuwa wewe unaingia chuo mwezi wa nane kucheza mpira kama mimi. Nisamehe nikipandisha sauti. Hasira ya jambo hili haijanitoka.

Nililelewa Carrollton, kando ya Dallas, nikaenda chuo kimoja cha Houston kucheza mpira wa Kimarekani. Kazi yangu ilikuwa kuupiga mpira kwa mguu upite katikati ya milingoti. Mwaka wangu wa pili chuo kilimfukuza kocha mkuu kwa kushindwa kila mara, kikaleta mpya. Wiki ya kwanza tu alibandua ukutani orodha ya majeruhi, ile aliyoiandika daktari wa timu kuonyesha nani asicheze. "Hapa hatuna wagonjwa," akasema. Tulipiga makofi, na mimi nikiwemo, maana alikuwa amenifanya mpigaji wa kwanza akamruka kijana wa mwaka wa nne. Kisha tukashinda mechi tano mfululizo, na nani angemuuliza mshindi swali?

Nilikaa chumba kimoja na Amani, mzaliwa wa mashariki mwa Kongo aliyekulia Sharpstown, mtaa wa hapo hapo Houston. Yeye alikuwa mlinzi, wa kumwangusha mwenye mpira. Jumapili nyingi alinipeleka kwao, na mama yake, ingawa amechoka na kazi ya ghalani, alitupikia bugali, ugali wa kwao, na samaki.

Jumatano moja mazoezini Amani aligongana kichwa na mwenzake. Aliinuka, akaenda kujipanga upande wa wapinzani. Tukacheka. Tuliporudi chumbani alitapika mara mbili, akaniuliza leo ni siku gani. Nikamjibu. Akaniuliza tena.

"Usiambie mtu," alinisihi. "Nikikosa hii mechi ya Jumamosi, kocha ananitoa kwa timu."

Kesho yake daktari wa timu, mama mmoja makini, alinisimamisha kwenye korido. "Amani analala vizuri? Analalamika kichwa?"

"Yuko sawa," nikasema.

Sikusita hata kidogo. Ningependa kukuambia nilikuwa namlinda rafiki yangu, lakini nililinda nafasi yangu aliyonipa kocha.

Mechi ilichezwa upande wa Dallas, wazazi wangu wakaja na nusu ya kanisa. Robo ya tatu Amani alimwangusha mtu, naye asiinuke. Alitolewa kwa machela, gari la wagonjwa likaondoka, na mchezo ukaendelea kana kwamba kilichotolewa ni kiti kilichovunjika. Dakika ya mwisho nikapiga lile teke. Katika chumba cha kubadilishia nguo kocha alitukusanya. "Hakuna aliyejua," akasema, akitutazama mmoja mmoja, nasi tukaitikia kwa vichwa. Mtu mzima, amekabidhiwa watoto wa watu, anawafundisha uongo kabla hata hospitali haijapiga simu.

Amani alipasuliwa kichwa, damu iliyovilia ikatolewa. Aliishi, lakini masomo yaliishia hapo, kwa sababu herufi zilimchezea machoni na mwanga ulimuumiza. Nilipokwenda kumwona kwao, mama yake alinikalisha jikoni.

"Mutoto wangu alitapika mbele yako?"

"Ndiyo, mama."

"Na walipokuuliza, ulisema nini?"

Nikamwambia. Halafu nikaanza kumlaumu kocha. Alinikatiza kwa kuinua mkono.

"Huyo kocha mimi simujui. Hajakula hapa. Wewe umekula hapa."

Sijawahi kupigwa kofi lililouma hivyo. Jumatatu nilikwenda ofisi ya mkuu wa chuo nikaandika yote: orodha, kutapika, uongo wangu. Niliyarudia mbele ya watu watatu waliovaa suti. Unajua walifanya nini? Mimi niliondolewa kikosini kwa utovu wa nidhamu. Kocha akaongezewa mkataba, kwa kuwa msimu uliisha vizuri, kisha chuo kikubwa zaidi kikamchukua. Juzi nimemwona kwenye televisheni akihojiwa kuhusu malezi ya vijana. Nilizima. Tulichopata ni kimoja tu: tangu hapo daktari ndiye aliyepewa neno la mwisho juu ya nani acheze.

Amani siku hizi anafanya kazi asubuhi pekee, maana ikifika mchana kichwa kinamkatalia. Huniambia, "Ni mimi nilikuomba unyamaze." Simkubalii. Mtu asiyejua leo ni siku gani hawezi kukuruhusu ufiche ugonjwa wake.

Kwa hiyo, mwanangu, kocha wako mheshimu, jitume, ushinde ukiweza. Lakini mwili wa mwenzako si mali ya kocha, wala ya chuo. Ukimwona ameumia, sema siku hiyo hiyo, hata akikusihi, hata wakikuita msaliti. Usingoje wakubwa waone wenyewe. Wengine wameona zamani, wananyamaza kwa sababu timu inashinda. Mimi nilisema nikiwa nimechelewa, na kuchelewa kwangu kumemgharimu mtu mwingine.

Mungu akutunzie viungo na akili yako. Akupe ujasiri wa kusema mapema, na akuzungushie marafiki watakaosema kwa ajili yako siku utakayoshindwa kujisemea.