Dada wa Mhusika Mkuu

Mwaka ule nilikuwa nikifundisha tamthilia ya Kimarekani kule Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, na nyumbani kwangu Lodwar ndugu yangu alikuwa akiiigiza bila kuisoma hata ukurasa mmoja. Jumatatu nikienda kazini namwacha amenyamaza. Ijumaa nikirudi namkuta wifi yangu, mkewe, jicho limevimba limefumba. Ijumaa moja alikuwa amepigwa kwa mwiko wa ugali hadi mwiko ukavunjika, na vipande vyote viwili bado viko sakafuni, hakuna aliyethubutu kuviokota. Niliviokota mimi. Nilijua huyu mtu atamuua mkewe, na atamuulia humu humu uani kwangu.

Ndugu yangu alikuwa askari wa akiba, wale raia wanaopewa bunduki kulinda mifugo. Zamani alikuwa mtu wa mzaha, ejok yake, salamu yetu Waturkana, unaisikia kabla hujamwona mwenyewe. Halafu kukatokea mapigano mpakani na wezi wa mifugo, akarudi na shati limekauka damu isiyo yake. Mtaani ikajulikana ameua mwizi wa ng'ombe, watu wakamnunulia soda. Siku ya pili mama yetu akafika kutoka Lopur akivuta mbuzi. Kwetu mtu aliyeua harudi tu akakaa na watu hivihivi. Anachinjiwa, anapakwa yale majani yaliyo tumboni mwa mbuzi, anachanjwa begani, ndipo anakuwa tena mtu wa nyumbani.

Mimi nikasimama langoni. Naimba kwaya, nina digrii, na nyumba ni yangu. Nilimwambia mama yangu mzazi kwamba mambo hayo hayaingii kwangu, kwamba Yesu alishamaliza kila kitu msalabani, arudi na mbuzi wake. Ndugu yangu alikuwa nyuma yangu, akasikia yote. Mama akageuka. Nami, jamani, nikajiona nimeshinda vita.

Sasa hiyo tamthilia. Mwanajeshi anarudi nyumbani kutoka vita vya nchi ya mbali. Uwanja wa ndege kuna bendi na bendera. Nyumbani kuna mke, gari jipya, jokofu limejaa bia. Sehemu ya kwanza anavunja sahani. Sehemu ya pili anamvunja mke mkono. Sehemu ya tatu anajifungia kwenye banda la gari na bastola. Basi, hiyo ndiyo hadithi yote, na wanafunzi wangu walitakiwa kuichambua kwenye mtihani. Maelezo yangu nilikuwa nimeyaandaa miaka mitatu kabla na nilikuwa nayaonea fahari. Ubaoni naandika sifa za mhusika mkuu: katili, mnyamavu, mlevi. Mke: mvumilivu, mwoga. Dhamira: ndoto ya mali isiyoleta amani, upweke, ukatili wa nyumbani. Nakuta wamenakili, nafuta, naendelea.

Darasa lenyewe lilikuwa la watu wazima, wengi kutoka Sudan Kusini, chini ya mabati yanayochoma kuanzia saa nne asubuhi. Watu hawa wameona bunduki nyingi kuliko mimi nilivyoona vitabu. Kati yao kulikuwa na mama wa watoto watatu, anauza mandazi alfajiri sokoni kambini kisha anakuja kuketi mstari wa mbele. Jumatano moja niliuliza kwa nini mwanajeshi anampiga mkewe, nikaanza kuwasomea jibu, kuhusu ukatili wa mhusika. Huyu mama akainua mkono.

Akasema jibu langu si jibu. Akasema kwao mtu aliyeua hali chakula, hashiki mtoto, mpaka aitwe aulizwe. Nikamwambia hayo ya kwao hayako kitabuni, mtahini anataka ushahidi wa kitabuni. Akafungua kitabu chake, kimechakaa kuliko changu, na akasema pole pole, kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Madam, mimi nimesoma yote mara mbili. Hakuna mtu hata mmoja ameuliza huyu mtu, wewe uliua nani."

Nikapekua. Nilitaka kumuumbua, kusema kweli. Nikapekua sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mke anauliza kama ana njaa. Jirani anauliza kuhusu gari. Kisha nikafika kwa dada yake, mhusika mdogo anayeonekana mara moja tu. Analeta keki, anamwambia ndugu yake kwamba Mungu ameshasahau, naye asahau, anaondoka. Kwenye maelezo yangu nilikuwa nimempa mstari mmoja: huleta faraja ya dini.

Yule mama akaweka kidole hapo hapo. Akasema huyu dada ndiye aliyefunga mlango, wengine walikuta umefungwa tayari.

Sijui hasira ile ilitoka wapi. Au najua. Dasta ilikuwa mkononi, ya mbao, nzito, na niliirusha kwa nguvu zangu zote. Ilimpata kwenye paji la uso ikampasua. Damu ilishuka juu ya jicho hadi kwenye daftari lake, na darasa zima likasimama. Yeye hakusimama. Alijifuta kwa kitenge akanitazama, akaniuliza kwa sauti ya kawaida nyumbani kwangu kuna nani. Nikatoka nje nikalia kama mtoto. Barua ya onyo niliyopewa kesho yake ilinistahili, na msamaha nilioomba mbele ya darasa haukutosha.

Ijumaa nilifika Lodwar mchana. Kabla sijafungua lango nikasikia wifi analia kwa sauti ya kukatika. Walikuwa jikoni. Ndugu yangu amemshika nywele, amempigisha magoti, mtutu wa bunduki uko mdomoni mwa wifi. Kosa la wifi ni kumuuliza mbona hali chakula. Niliingia katikati bila kufikiri. Alinipiga kwa kitako cha bunduki, meno mawili yakatoka, nikaanguka juu ya jiko na mkono ukaungua. Akainua tena bunduki. Nikiwa pale chini, mdomo umejaa damu, nikamuuliza.

"Uliua nani?"

Alibaki ameiinua vile vile. Kisha akaishusha, akaketi kwenye ndoo. Wifi akaichukua ile bunduki mikononi mwa mumewe akaenda nayo nje. Nami nikampigia mama simu, kwa mdomo ule ule niliomfukuzia mbuzi wake.

Asubuhi mama alikuwa langoni na mbuzi wake. Alinitazama uso wote ulivyovimba, akaniuliza kama leo Yesu wangu amesafiri. Nikampisha. Alikuja na mwanamke mmoja wa makamo anayesuka vikapu sokoni, ambaye pia ndiye huchanja, ana ndoano yake na wembe mpya ndani ya karatasi. Mbuzi akachinjwa nyuma ya nyumba. Ndugu yangu akapakwa kifuani na mgongoni. Wifi alikaa kando, mtoto wao mapajani, midomo imepasuka. Mimi niliomba kimoyomoyo, siwezi kudanganya, niliomba kwa yeyote anayesikia.

Mchanjaji akamwambia avue shati atoe bega. Kwetu bega la kulia huchanjwa kwa mwanamume uliyemuua. La kushoto ni la mwanamke. Sote tulikuwa tumekaa upande wa kulia, mama amekwisha kushika bakuli huko. Ndugu yangu akageuka akatoa la kushoto.

Mama akahamisha bakuli. Mchanjaji akaingiza ndoano, akainua ngozi, akauliza, kama anayeuliza idadi ya vikapu, ni mmoja?

"Wawili," akasema. "Alikuwa amebeba mgongoni. Nilikuwa sijaona."

Wembe ukapita. Damu ilimtiririka hadi kwenye kiwiko. Tulikuwa tumemnunulia soda. Kisha wifi akaongea, mara yake ya kwanza asubuhi ile. Alimuuliza mumewe huyo mtoto alikuwa mkubwa kiasi gani.

Ndugu yangu akainua mikono yote miwili, akaionyesha hewani, huu hapa na huu hapa, kama fundi anayepima ubao. Ilikuwa nafasi ndogo sana. Wifi aliitazama ile nafasi, akamtazama mtoto aliyekuwa mapajani mwake. Akaingia ndani akafunga nguo zake kwenye shuka. Alipotoka, ndugu yangu alikuwa amesimama langoni, bega linavuja, na sote tukaganda. Akamfungulia lango, akasogea kando, akampisha apite na mtoto.

Wifi hajarudi, na yuko hai.